Matawi Yasiyo na Mizizi

Dolphine Wasike alikuwa amezoea. Kila asubuhi alitoka kwao, kwenye nyumba za kupanga za Kitengela, mkoba mgongoni na mtungi wa maji mkononi. Mwanafunzi asiyeleta maji hakupata uji, kwani uji haupikwi kwa vumbi. Na mwaka huo wa 2009, vumbi ndilo lililokuwa tele.

"Sopa," rafiki yake Naeku alimsalimu kwa Kimaasai kwenye lango la shule.

"Epa," Dolphine akaitikia. "Mtungi wako uko wapi?"

"Nimeuacha nyumbani. Silanga yetu, bwawa lenyewe la mifugo, imebaki matope tu. Jana ng'ombe wetu wengine walinasa humo, wakafa." Naeku aliutazama mtungi wa Dolphine. "Baba amesema tusipopata maji tunahama, labda mpaka Tanzania. Mimi na shule ndio basi."

Dolphine alimkazia macho. Naeku aache shule akiwa darasa la saba! Naeku huyu anayewashinda wote hesabu!

Siku hiyo Mwalimu Mkuu, Bwana Githongo, alikuwa na habari gwarideni. "Ijumaa tutatembelewa na diwani wetu, Bi. Wamaitha, pamoja na kamati ya baraza la madiwani. Baraza linataka kukabiliana na mabadiliko ya hali ya hewa. Litachimbua silanga zilizojaa udongo na kupanda miti. Lakini katapila ni moja tu, na litaanzia penye shida zaidi."

Wanafunzi walishangilia. Dolphine alimfinya Naeku mkono kwa furaha.

Sasa, Bwana Githongo alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na ugonjwa wetu sote: mgeni akibisha hodi, shida zinasukumwa chini ya kitanda. Wazazi nao walimuunga mkono. Nani anataka kuonekana ombaomba? Basi Alhamisi lori likaja kujaza tangi la shule. Mawe yakapakwa chokaa. Wavulana wakatumwa kukata migunga michache iliyobakizwa na wachoma makaa karibu na silanga, wakachomeka matawi yake mabichi kando ya njia. Mama yake Naeku, maskini, alileta maziwa ya mwisho ya ng'ombe wake ili mgeni asinywe strungi, chai isiyo na maziwa. Dolphine akapewa shairi la kukaribisha wageni.

Ijumaa Bi. Wamaitha alifungua bomba, akanawa mikono, akayatazama matawi na kutabasamu.

"Kumbe hapa mko vizuri!" aliwaambia wenzake wa kamati. "Katapila litaenda kwingine."

Naeku aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka, na hakujisumbua kuyapangusa.

Dolphine akaitwa mbele.

"Karibuni kwetu, kwenye kijani,
Maji ni tele, hadi..."

Akakatiza shairi. Alimwogopa Bwana Githongo sana, lakini kumpoteza Naeku aliogopa zaidi.

"Samahani, Mheshimiwa. Huu ni uongo." Alishika tawi moja, akalivuta. Likatoka bila taabu, halina hata mzizi. "Tuliyachomeka jana. Maji nayo yaliletwa jana na lori. Silanga imekauka, na rafiki yangu ataacha shule."

"Dolphine! Keti chini!" Bwana Githongo alifoka.

"Mwache, Mwalimu," diwani alisema. Hakuwa akitabasamu tena. "Nipelekeni kwenye hiyo silanga."

Alikwenda na viatu vyake vya visigino, akijikwaa na kukataa kushikwa mkono. Alipoiona mizoga kwenye matope alifunika pua.

"Imekuwa hivi tangu lini?" aliuliza.

"Baba anasema zamani ukame ulikuja, ukaenda, na ng'ombe wakanenepa," Naeku alijibu. "Siku hizi unarudi kabla hawajapona."

Bi. Wamaitha aligusa kisiki kilichokuwa bado kibichi. "Ala! Mwalimu, mmekata miti ili mnionyeshe miti?"

Bwana Githongo aliangalia chini. "Niliona aibu, Mheshimiwa. Nilidhani mtatudharau."

Jumatatu katapila lilinguruma kwenye silanga. Baraza lilileta maji ya mifugo hadi mvua inyeshe, likapiga marufuku uchomaji wa makaa eneo hilo.

"Hatuhami!" Naeku aliingia darasani akipiga kelele. "Baba amefungua mizigo!" Wakakumbatiana na Dolphine, wakicheka na kulia kwa pamoja. Hata Bwana Githongo, aliyekuwa mlangoni, alishusha pumzi.

Mvua iliponyesha, Bi. Wamaitha alirudi na miche. Alimwita Dolphine mbele ya shule nzima, akamweka mkono begani.

"Watu hudhani baraza huamshwa na mikutano ya wakubwa," alisema. "Sisi huamshwa na tunachokiona, na wananchi wanaotunyima usingizi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Bila mtoto huyu, ningewaacha mfe kiu huku nikiwapigia makofi."