Kadi Yangu, Kifua cha Mwingine

"Mama, kompyuta inaonyesha betri ya moyo unayo tayari. Uliwekewa mwaka jana."

Nikadhani karani wa bima ananitania...

Jamani, mimi ni mwalimu. Miaka kumi na mmoja nakatwa bima kwenye mshahara. Wiki hiyo nilianguka mbele ya darasa, chaki mkononi, moyo unapiga mara thelathini na nne kwa dakika. Daktari akasema niwekewe betri ya kuongoza mapigo, haina kungoja.

Nikafungua vifungo viwili vya blauzi, palepale dirishani.

"Kovu liko wapi?"

Karani akainamisha macho. "Tunalipia kifaa kimoja kwa miaka minane, mama. Chako kimeshalipiwa."

Nani alishika kadi yangu mwaka jana? Mmoja tu. Mume wangu, aliyedai imedondoka gereji kwake, eti akaitafuta wiki mbili. Na picha yangu kwenye kadi ilishafutika zamani, nani angejua aliyeishika si mimi?

Nilimkuta gereji anafuta grisi mikononi. Hata hakubisha.

"Ni dada yangu. Angekufa."

"Na mimi?"

"Wewe si ulikuwa mzima?"

Miaka tisa ya ndoa, wasomaji wangu... sijawahi kutukanwa vile.

Nikaenda kwa wifi nimefura kama andazi. Akafungua mlango, akanikumbatia.

"Wifi, kila siku nakuombea. Kaka alisema ni wewe uliyemwambia nitumie kadi yako, ila hutaki lizungumzwe."

Maneno yote niliyoyapanga njiani yakayeyuka. Nilipomweleza ukweli, aliketi sakafuni, mkono kifuani, analia kimyakimya.

Asubuhi yake akanitangulia ofisi ya bima, faili lake la hospitali kwapani.

"Mwenye betri ni mimi. Andikeni hivyo."

Wakasahihisha. Leo nina wiki ya tatu na betri yangu. Wifi walimsamehe kwa kujisalimisha. Gharama ya kifaa chake wamembebesha mume wangu.

Juzi kaja mpole kama maji ya mtungini.

"Waambie ulikubali, mke wangu. Watanipunguzia."

"Ungeniambia dada anaumwa, tungegonga kila mlango pamoja. Wewe ukaona rahisi kuniibia. Sasa lipa."

Bado nina hasira, sifichi.

Nyie mnaokatwa kila mwezi, kaombeni orodha ya matibabu yaliyolipiwa kwa kadi zenu. Kesho asubuhi, msingoje. Mimi yangu niliisoma mara ya kwanza siku niliyokuwa nakufa.