Vijiko Viwili vya Krimu

Miaka kumi na tisa Mama Keki aliacha bakuli la krimu bila kuliosha, na mgeni aliyekunja uso alionyeshwa mlango. Akishapamba keki, hubakiza vijiko viwili vya krimu, huacha bakuli mezani, hupeleka mzigo kwa mteja. Mumewe hutangulia kurudi kutoka kazini. Mama Keki akifika saa nane mchana, hukuta bakuli limelambwa, linang'aa. Mume hakuwa mtu wa maneno matamu, lakini bakuli lilisema. Mke akaridhika kwamba anapendwa.

Mume akafa. Mke akaendelea kubakiza, kwa mazoea tu.

Bakuli likaendelea kung'aa.

Hakuogopa. Alilia, akafurahi pia: mtu wake bado yupo.

Mwaka wa pili seremala aliyekuja kurekebisha kabati akamposa, naye akakubali. Siku hiyo hiyo akaliosha bakuli. "Nisamehe, baba," alimnong'onea marehemu. "Sili huku na huku mimi."

Kesho yake seremala alionja chai, akatema.

"Umenitilia chumvi?"

"Sukari vijiko vitatu, na macho yako yalikuwepo."

Asali, chumvi. Embe bivu, chumvi. Ndani ya wiki mbili suruali ilimpwaya, na harusi ilikuwa Jumamosi. Jikoni kukanuka vanila iliyoungua, na oveni imezimwa. Nyuma ya mlango ikawa inasikika sauti ya kukwaruza, pole pole, kama ulimi mpana wenye miiba unaozunguka ndani ya chombo kitupu.

Wifi yake, dada wa marehemu, alipokuja kumpongeza, Mama Keki alimvuta pembeni.

"Wifi, kaka yako ana wivu. Ananiadhibu kwa lile bakuli." Akamweleza.

Wifi akaweka kikombe chini. "Kaka hakuwa akila kitamu. Tangu utoto, kikimgusa ulimi anatapika."

"Alilamba, wifi. Miaka kumi na tisa."

"Ulimwona?"

Mama Keki akatikisa kichwa.

"Aliwahi kuniambia," wifi akasema, sauti imeshuka. "'Mke wangu ana ulafi wa krimu. Kila nikirudi nyumbani nakuta ameshalilamba bakuli, jeupe. Namwacha, asije akaona haya.'"

Mama Keki akahesabu adhuhuri zote zile, yeye akidhani ni mume na mume akidhani ni yeye, wawili wamestahiana kwa mapenzi wasiulizane hata siku moja, na katikati yao kitu kimekaa mezani kikilishwa kwa mkono wake, kikibembelezwa kama bwana wa nyumba, kikizoea, kikinenepa, kikingoja mwenye nyumba afe.

Akalivunja bakuli kwa nyundo, akatupa vipande chooni.

Ijumaa mchana seremala alirudi na mashavu yamejaa, akanywa chai mpaka tone la mwisho. "Tamu," akasema. Mama Keki akamshukuru Mungu, akaendelea kupamba keki yao. Bakuli lilikuwa jipya. Krimu yote aliikwangua, hakubakiza hata chembe, na habari za bakuli la kwanza hakuwahi kumsimulia mchumba wake.

Seremala alilivuta bakuli lile tupu, akainamisha uso ndani, akaanza kulamba, akizunguka pole pole, na ile sauti ya kukwaruza ikajaa jikoni.

Kisha akainua kichwa, anatabasamu, kama aliyeumia moyo kidogo.

"Mke wangu," alisema, "siku zote ulikuwa ukinibakishia vijiko viwili."