Kidani cha Sanamu ya Dirishani

Jumatano, saa kumi na moja jioni.

"Mji huu wa Suva una milango miwili," Shiu alisema. "Mmoja njia ya Lami, mwingine njia ya Nausori. Polisi wakiifunga yote, mwizi kabaki ndani ya kopo."

Alikuwa amechora mtaa kwa chaki kwenye sakafu, chumba cha nyuma cha gereji moja huko Raiwaqa. Bakuli la kava, kile kinywaji cha mizizi, katikati. Watu watatu tu. Shiu Narayan mwenyewe, mtu wa stoo wa zamani wa duka kubwa la Keshavlal, aliyefukuzwa kwa sababu ya saa ya mkononi iliyopotea. Saa ikaja kuonekana nyuma ya rafu. Hakuna aliyemwita kumwomba radhi. Wa pili Apisai, mpakuzi wa bandarini, mabega mapana, maneno machache. Wa tatu dada yake Apisai, Makelesi, muuzaji wa sari katika duka hilohilo la Keshavlal, mwaka wa kumi na moja sasa.

Makelesi peke yake ndiye aliyekaa kitini. Amevua viatu. Vifundo vimevimba.

"Kwa hiyo dhahabu haitoki," Shiu aliendelea. "Tunatoka sisi, mikono mitupu. Watusimamishe, watupekue mpaka soksi. Dhahabu inabaki dukani."

"Dukani wapi?" Apisai aliuliza.

"Muulize dada yako. Wazo lake."

Makelesi aligonganisha viganja mara moja, kama ilivyo desturi, akapokea kifuu cha kava, akakimaliza.

"Dirishani," alisema. "Shingoni mwa sanamu ya kuonyeshea nguo. Kila Diwali naipamba mimi. Sari ya kijani, vidani vya bandia vinne au vitano. Nani atatazama cha sita?"

Apisai alicheka. Shiu hakucheka.

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu dirisha linabadilishwa. Mapambo ya bandia yanatupwa. Apisai anayachukua kwenye taka, nyuma ya duka. Sisi wafanyakazi tunapekuliwa kila tukitoka. Taka hazipekuliwi."

"Sanamu anaivua nani?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Unataka nikualike uje kushika pini?"

"Hapo ndipo panaponiwasha," Shiu alisema, na hakuondoa macho usoni mwake.

Halafu likaja suala la ufunguo. Kabati la seti za dhahabu za harusi lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulikaa kiunoni kwa Premila, muuzaji wa dhahabu. Kesho yake ilikuwa siku ya kununua dhahabu, siku mbili kabla ya Diwali, duka litafurika. Makelesi angempelekea Premila mteja wa harusi kwa saa waliyopanga. Kabati lifunguliwe, basi.

"Premila yule wa roti?" Apisai aliuliza.

"Ndiye huyo."

Kila siku ya kazi saa saba mchana Premila alimkatia Makelesi nusu ya roti yake, chapati ya viazi, na Makelesi alimpa nusu ya muhogo wake. Wamekula hivyo miaka yote, wamesimama, stoo, katikati ya maboksi.

"Hataguswa hata unywele," Shiu alisema.

"Sikuulizia kuguswa. Watamshuku yeye."

"Watamshuku kila mtu. Wewe unalitaka duka lako Nausori, au hulitaki?"

Alilitaka. Duka dogo la vitambaa, na nyuma ya kaunta kiti. Usicheke. Kwa Keshavlal wauzaji hawaketi. Zamani palikuwa na stuli moja kila kaunta. Meneja mpya, Rohit, akaziondoa, eti muuzaji aliyeketi anaonekana amechoka, na mteja hanunui kwa mtu aliyechoka. Miguu ya Makelesi ikaanza kutoa mishipa mwaka uleule. Alimchukia Rohit kwa jambo hilo, na chuki hiyo ilimpeleka kwenye gereji.

"Nalitaka," alisema.

Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi.

Kuuza ni kushuku. Watu hawalijui hilo. Wanamwona muuzaji akitabasamu, wanadhani anapenda watu. Makelesi alimtazama kila aliyeingia: mikono kwanza, halafu mkoba, uso mwisho. Mwanamke mwenye koti wakati wa joto. Wasichana wawili wanaoingia chumba cha kujaribia na nguo tatu, watoke na mbili. Nao walimshuku vilevile. "Naangalia tu," wanakwambia kabla hujafungua mdomo.

"Angalia, mama, macho hayalipiwi," Makelesi alimjibu mmoja, na mama akacheka.

Alikuwa mama wa harusi, binti anaolewa mwezi ujao. Ameshanunua sari mbili.

"Na seti ya dhahabu umepata?" Makelesi alimuuliza. Sauti ileile ya kila siku. "Nenda kwa Premila pale. Mwambie nimekutuma mimi. Atakutolea ile kubwa."

Mama akaenda. Kutoka kaunta ya sari Makelesi alimwona Premila akishika kiuno, akichomoa ufunguo, akifungua kabati. Premila alimpungia mkono kwa mbali, asante ya kuletewa mteja.

Wakaingia wawili, skafu usoni. Apisai na mtaimbo, Shiu na panga na begi jeusi. "Chini. Wote chini." Mtaimbo ukapiga kioo cha kaunta ya saa, kelele tu, watu wainamishe vichwa. Shiu akachukua kabatini kitu kimoja, seti kubwa ya harusi, kidani kizito cha kufunika kifua kizima. Premila alikuwa amelala kifudifudi na ufunguo mkononi.

Wakakimbilia mlango wa nyuma, katikati ya sari. Makelesi amelala nyuma ya majora ya hariri. Kitu kizito kilimdondokea mgongoni. Akakivuta chini ya tumbo lake, akafunga macho, akapiga yowe kama wenzake.

Saa sita mchana.

Begi jeusi lilikutwa mtaroni, tupu. Kule Lami polisi walisimamisha gari moja lenye wanaume wawili, wakalipekua mpaka tairi la akiba, wakaliachia.

Dukani Sajini Ratulevu, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, aliuliza wafanyakazi mmoja mmoja. Rohit alikuwa akizunguka na saa yake.

"Sajini, siku ya dhahabu haiahirishwi. Nina wateja wamejaa barabarani. Makelesi, dirisha vipi?"

"Bado sanamu, bosi."

"Basi fanya haraka."

Akaingia dirishani na jora moja la hariri ya kijani mikononi, na ndani ya jora, dhahabu. Upande wa barabara kioo kilikuwa bado kimefunikwa karatasi. Akaivalisha sanamu blauzi. Akaizungushia sari, mikunjo saba, pini begani. Bandia ya kwanza, ya pili. Halafu kile chenyewe. Kilikuwa kizito, na ilikuwa kama bado kina joto la tumbo lake. Juu yake akarundika bandia nyingine tatu, akabandua karatasi.

Watu wa nje walipiga makofi. Polisi mmoja alikuwa amesimama hapohapo, ameligeuzia dirisha mgongo.

Ijumaa asubuhi.

Premila hakuwa kwenye kaunta ya dhahabu. Jana yake polisi walimshikilia kituoni mpaka usiku. Kwa nini ulifungua kabati wakati uleule? Ufunguo amenyang'anywa. Rohit alimweka mlangoni kukaribisha wateja, pembeni mwa dirisha, wakati wanaamua kama watamshtaki.

Na saa nne, nani alisimama nje ya dirisha? Shiu. Amenyoa, kavaa shati la maua la Ijumaa kama mji mzima. Alisogeza uso mpaka karibu na kioo. Midomo ilikuwa ikihesabu vidani.

Makelesi alitoka kwa kisingizio cha kufuta kioo.

"Una wazimu?" alimnong'oneza.

"Naona vitano."

"Ni sita. Kingine kiko chini. Ondoka."

"Nionyeshe."

"Nikuonyeshe hapa, barabarani?"

"Nimekufikiria usiku kucha, Kelesi. Wewe na kaka yako wawili, mimi mmoja. Jumatatu taka anachukua kaka yako. Mimi nakuta nini, maganda?"

"Unakuta fungu lako. Nenda zako, Shiu."

Akaondoka, kwa kujivuta, akigeuka mara mbili. Makelesi alipoinua kitambaa kufuta, alimwona Premila mlangoni. Premila hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiutazama mgongo wa Shiu, mtu wa stoo waliyefanya naye kazi miaka sita. Halafu akaitazama sanamu.

Saa saba walikutana stoo, katikati ya maboksi. Premila alifungua karatasi ya roti, akaikata nusu, akamsukumia Makelesi fungu lake. Lake mwenyewe hakuligusa.

"Yule mama wa harusi," alisema. "Aliniambia umemtuma wewe."

"Wateja walikuwa wengi. Sikumbuki."

"Polisi sijawaambia. Nimesema alikuja mwenyewe." Premila alikuwa na macho mekundu. "Mume wangu jana hakunisemesha. Mama mkwe anauliza kama nitafungwa kabla ya Diwali au baada yake."

Makelesi alitafuna.

"Dirisha lako mwaka huu," Premila alisema polepole. "Bandia ni nyepesi, Kelesi. Inasimama kifuani, inacheza mtu akifungua mlango. Pale kuna moja imelala. Haichezi kabisa."

"Nimeibana na pini."

"Sawa. Basi ibanue leo. Duka halijafungwa."

Akakunja karatasi yake akatoka. Makelesi alibaki amesimama na roti mkononi. Angeweza kuitoa dhahabu. Angeiangusha chini ya rafu, ikaonekana, kama ilivyoonekana ile saa ya mkononi, na Premila akarudi kwenye dhahabu yake. Alilifikiria hilo vizuri. Halafu akamfikiria Shiu na panga lake, na Apisai. Halafu akakifikiria kile kiti. Akarudi kwenye sari.

Ijumaa, saa kumi kasorobo.

Aliingia mama mtu mzima, mnene, bangili mpaka viwikoni. Hakusema anaangalia tu.

"Binti, nataka ile ya dirishani."

"Nina nzuri zaidi, shangazi. Hii zambarau imefika juzi."

"Zambarau nivae kwenye msiba?"

"Ile ya dirishani imepigwa na jua."

"Tangu jana tu?"

"Ni fupi kwako, shangazi. Nakwambia ukweli."

"Nimekuwa mfupi tangu kuzaliwa. Ivue."

Rohit alishasikia. Alikuwa na masikio ya hivyo, akisikia mteja anakataliwa hata akiwa ghorofani.

"Tatizo nini?"

"Ndiyo ya mwisho, bosi. Dirisha litabaki uchi kesho Diwali."

"Kesho tumefunga. Mteja hatoki mikono mitupu hapa. Vua."

"Na vidani vyake," mama akaongeza. "Vya bandia si kitu, si ndiyo? Nifungie vyote pamoja."

"Zawadi ya duka," Rohit alisema, akatabasamu.

Makelesi alipanda dirishani. Barabara nzima ilikuwa imejaa watu na mifuko ya pipi na mishumaa. Ng'ambo, chini ya kibaraza, aliliona shati la maua. Shiu. Hakuweza kukaa mbali.

Akatoa bandia tatu za juu. Akafungua kile kizito, akakigeuzia kiganjani, akainama kana kwamba anatafuta pini, akakipeleka ndani ya blauzi yake. Nusu kimeingia. Akainua kichwa.

Upande wa pili wa kioo, hatua moja tu, alisimama Premila. Pembeni yake Sajini Ratulevu. Nyuma yao shati la maua liligeuka na kuchapuka, halafu likakimbia.

Wakaingia. Yule mama alikuwa amemshika Premila bega. "Ni mama mkwe wangu," Premila alisema, kana kwamba Makelesi ameuliza. "Nilimwambia aombe ile ya dirishani. Nilijua Rohit atakulazimisha. Nilikupa mchana mzima, Kelesi."

Sajini alinyoosha kiganja. Makelesi akakiweka kidani juu yake.

"Wenzako nani?" Sajini aliuliza.

"Shiu Narayan. Ndiye huyo aliyekimbia."

"Na mwingine?"

Alitazama chini. Jumatatu Apisai angesimama nyuma ya duka, penye mapipa ya taka, akisubiri, na hakuna wa kumwambia.

"Mwingine simjui," alisema.

"Tutakaa hapa mpaka umjue."

Premila alimtazama miguu, ile mishipa, viatu vilivyobana. Akaenda stoo, akarudi na stuli ya zamani, yenye vumbi, moja ya zile alizoziondoa Rohit. Akaiweka katikati ya duka, wateja wanaona, meneja anaona.

"Sajini, mwache aketi," alisema. "Anasimama tangu saa mbili."

Makelesi akaketi. Ndipo akalia.