Wimbo wa Tano Haukuwemo

Naapa kwa meno yangu saba yaliyobaki: haya nitakayosimulia ni kweli tupu. Pale yatakapoonekana kama uongo, hapo ndipo ni kweli zaidi.

"Kijana, kazi yako ni gani?"

Mzee Kibii hakupandisha sauti, lakini Kang'ethe alihisi kola ya shati ikimbana. Walikuwa sebuleni kwa mzee, huko Keringet, wageni wa Nakuru upande huu wa meza, wenyeji upande ule, na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kuchachusha, katikati. Kang'ethe alikuwa amekuja kuomba mkono wa Chepngeno. Alimleta mamake, Wangare, na akanileta mimi Naftaly, jirani yao wa Bahati, niwe mzee wa kuongea. Kwa kuongea sina mpinzani.

"Mimi ni mwanamuziki, mzee. Niko na bendi. Tunarekodi."

"Mwenye shamba anaonyesha viazi. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa chama cha maziwa hapa, miaka thelathini nikipokea mikebe, na kila mkebe nilifungua nikanusa. Yako iko wapi ninuse?"

"Iko kwa flash, mzee."

"Lete. Tutasikiliza yote, ya kwanza hadi ya mwisho. Nikiridhika, tunaongea habari ya ng'ombe wa mahari. Nisiporidhika, mtamaliza mursik yenu na mrudi Nakuru salama."

Sasa, bendi yenyewe inaitwa Punda wa Gilgil. Muziki wao ni ska iliyogongana na panki: gitaa linarukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu, ngoma zinakimbizwa, halafu ghafla unasikia kinanda cha mwomboko, ile ngoma ya Wakikuyu, na kabla hujakaa sawa wamekutupa kwenye kantri. Wametoa kazi tatu. Ya kwanza, *Hatuna Breki*, waliirekodi Bahati ndani ya banda la kuku wa nyama, na kesho yake kuku wale, ambao hawakuwa wa mayai, walitaga trei mbili. Ya pili, *Chapati Tatu*, ina nyimbo tatu tu. Ya tatu, *Ukungu wa Mau*, ndiyo iliyowafikisha redioni.

Chepngeno aliingia kwenye bendi wakati wa ile ya pili. Yeye ndiye anayepuliza tromboni. Kwao walijua tu kwamba anafanya kazi maabara Nakuru, jambo ambalo ni kweli, mpaka saa kumi na moja jioni.

Lakini hofu ya Kang'ethe haikutoka huko. Ilitoka kwenye simu aliyopigiwa wiki tatu kabla na Chepngeno, aliyekuwa akipanga nyimbo kwenye flash.

"Kang'ethe, huu wimbo wa tano kwa ile rekodi ya kwanza. Mwenyekiti wa maziwa wa Keringet, anafukuzwa na fahali, anapanda juu ya tangi, anaendesha mkutano akiwa huko juu mpaka jioni. Ulitoa wapi?"

"Ni hadithi tu nilisikia mtaani. Kwani hujawahi kuusikia? Miaka miwili tuko pamoja."

"Hiyo kelele yenu ya banda la kuku? Nilifika namba tatu nikalala. Sikiza. Mwenyekiti wa maziwa wa Keringet amekuwa mmoja tu."

"Nani?"

"Baba."

Kang'ethe alikaa chini kwenye ukingo wa barabara, hapo hapo alipokuwa. Akaufuta siku hiyo hiyo. Saa moja baadaye ujumbe ukaingia: *Futa na kwa simu. Futa na kwa kichwa. Baba akisikia huo wimbo, mimi na wewe tutaonana kwa picha.*

Basi flash ikachomekwa kwenye sabufa, na *Hatuna Breki* ikaanza.

Mzee Kibii alifumba macho, pua juu. Wimbo wa kwanza, kimya. Wa pili, akaomba waongeze sauti. Wa tatu, mamake Chepngeno akaanza kugonga sakafu kwa kisigino huku uso wake ukisema si yeye. Wa nne ukaisha, wa sita ukaingia mara moja, na Kang'ethe akapumua kwa mara ya kwanza tangu afike.

*Chapati Tatu* ilipoanza, mzee alifumbua macho.

"Huyu anayepuliza hii bomba ni nani?"

"Ni, ni mmoja wetu, mzee."

"Ana kifua cha fahali. Huyo angekuja hapa, ningempa binti bila kuuliza swali."

Chepngeno, aliyekuwa akimimina chai, alijaza kikombe mpaka kikamwagikia sahani.

Kufikia *Ukungu wa Mau*, ng'ombe wote wa boma walikuwa wamejipanga uani wakisikiliza, na mmoja aliyegoma kukamuliwa tangu Pasaka aliachilia maziwa peke yake, nyasi ikawa nyeupe. Mzee akatingisha kichwa polepole, akasema hiyo ni kazi, ina jasho ndani. Mimi tayari nilikuwa nakohoa ili nianze habari ya ng'ombe.

Hapo ndipo Wangare alizidiwa na furaha ya mama. Akafungua mkoba, akatoa Biblia, na ndani ya Biblia akatoa jalada la *Hatuna Breki*, lile la CD, alilolitunza kwa miaka minne.

"Mzee, ona picha ya kijana akiwa bado mwembamba."

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama picha, akageuza nyuma. Maandishi yalikuwa madogo na miwani ilikuwa chumbani, lakini mistari aliiona. Akaanza kuishusha kwa kidole, mmoja mmoja, midomo ikitembea.

"Hapa ni kumi," alisema. "Mimi nimesikia tisa."

Akahesabu tena kwa kidole.

"Miaka thelathini nimepokea mikebe. Mtu akiandikisha kumi akashusha tisa, huwa namuuliza mara moja tu. Kijana, mmoja uko wapi?"

Niliinama sikioni kwa Kang'ethe nikamnong'oneza aseme flash iliingiwa na virusi. Ulikuwa ushauri mzuri. Kijana alimtazama Chepngeno, na Chepngeno hakukubali wala hakukataa. Alisimama tu na birika mkononi, macho yamejaa maji, akingojea kumjua mtu anayetaka kuishi naye.

"Nimeutoa mimi mwenyewe, mzee."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unakucheka. Niliuimba kabla sijamjua Chepngeno, na wewe sikukujua. Nilipojua, nikaogopa utaninyima. Sasa umejua. Ukininyima, itakuwa kwa kitu nilichofanya kweli."

Wangare aliziba mdomo kwa kitambaa. Mzee Kibii aliweka jalada mezani, akalinyoosha kwa kiganja.

"Imba."

"Mzee?"

"Umeutoa kwa flash, hujautoa kwa kichwa. Imba."

Gitaa lililetwa kutoka kwenye gari. Kang'ethe akasimama katikati ya sebule, na kabla hajagusa waya wa kwanza, Chepngeno akatoka nje. Akarudi kutoka jikoni na sanduku refu jeusi.

"Hiyo ni nini?" babake aliuliza.

"Bomba, baba. Ile ya kifua cha fahali."

Mzee alimgeukia mkewe. Mkewe alikuwa akisoma kalenda ukutani, mwezi ambao ulishapita. Bila shaka alijua siku nyingi.

"Wimbo huu hukuwa ndani yake," Kang'ethe alimwambia Chepngeno kwa sauti ya chini. "Usijiingize kwa makosa yangu."

"Sasa niko ndani. Hesabu twende."

Wakaupiga, kasi ile ile ya banda la kuku, na Chepngeno akibuni sehemu yake papo hapo:

*Fahali kaingia, ajenda ikayeyuka,*
*Mwenyekiti juu ya tangi, miguu inaning'inia,*
*Anayeunga mkono ainue ngazi!*

Walipomaliza, vioo vya kabati viliendelea kucheza peke yao. Mabega ya mzee yalianza kutikisika. Kang'ethe alidhani ni hasira, akarudi nyuma hatua moja. Kumbe mzee anacheka, kile kicheko cha mtu aliyekiweka miaka mingi, mpaka akashika ubavu.

"Binti yangu," alisema alipopata pumzi, "na wewe umeficha bomba nyumbani kwangu. Basi mnafaana. Kijana, nimekubali. Mtu akiulizwa mara moja akasema kweli, na anaogopa hivyo, huyo nitamwachia mlango wazi."

Chepngeno alimkumbatia Kang'ethe, tromboni ikiwa katikati yao, na akina mama wakapiga vigelegele.

"Lakini," mzee akaendelea, "wimbo ni mtamu na ni uongo. Mimi nilikuwa chini, nimeshika kamba ya fahali. Aliyepanda tangi alikuwa karani wangu. Alikataa kushuka mpaka jioni, tukampandishia chai kwa ngazi. Nani alikupa hii hadithi?"

Kang'ethe aligeuza shingo polepole upande wangu. Wangare naye akageuka.

"Toa kofia, karani Naftaly," alisema Mzee Kibii. "Nilikujua tangu ushuke kwenye gari. Umezeeka, lakini mdomo ni ule ule."

Nilieleza kwamba siku hiyo kulikuwa na ukungu na ni vigumu kujua nani alikuwa juu na nani alikuwa chini. Haikusaidia. Wazee walikaa kando dakika tano tu, wakarudi na hukumu: nilipe faini ya kondoo dume, mnene, na bendi irekodi wimbo upya ukiwa na jina la mwenyewe.

Arusi ikafanyika Desemba. Kondoo nilimpeleka mapema, Jumamosi moja baada ya wimbo kurekodiwa upya, nikimvuta kwa kamba kutoka stendi ya Keringet mpaka kwa mzee, na watoto wa kituo kizima nyuma yangu wakiimba ule wimbo mpya, jina langu likitajwa mara nne kwa kila kiitikio.