Lita Kumi na Moja

Vumbi lilipotulia, njia haikuwepo tena. Mpima ardhi alishuka kwenye gari lake dogo, akafuta miwani kwa pindo la shati, akatazama mbele na nyuma. Mchanga mtupu, umelainishwa na upepo kama shuka iliyopigwa pasi. Nyuma yake gari kubwa la baba yake lilinguruma bila kwenda popote.

"Zima injini, Baba. Inakunywa bure."

"Inapumua tu," mzee alijibu, lakini akazima.

Safari yenyewe ilikuwa ya kupimana. Nyumbani ilikwishaamuliwa kwamba familia itabaki na gari moja, na kwa kuwa baba na binti kila mmoja alivutia kwake, walikubaliana kwenda kwa shangazi na kurudi, barabara moja, mwendo mmoja. Gari litakalokunywa petroli kidogo ndilo litakalobaki. Kubwa waliliita Nyumba, dogo waliliita Sindano. Baba, fundi magari mstaafu, alijigamba katika kila kituo kwamba Nyumba inakwenda kilomita tisa kwa lita, na daftari la binti yake likakubaliana naye. Binti alitarajia tano, na kwa shida. Wakati wa kurudi walikuta daraja limefungwa, wakakata kupitia tambarare. Ndipo upepo ukaja.

Kwa siku moja na nusu walifuata dira yake ya kazini, wakielekea mashariki iliko lami. Mchana wa siku ya pili Nyumba ikazama mpaka tumboni. Mzee akapiga jeki juu ya ubao, akalala kifudifudi kuchimba kwa sahani. Ubao ukateleza. Jeki iliruka pembeni na bampa ikamshukia chini ya goti.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, njoo," kama alivyomwita binti yake alipokuwa mtoto na kulikuwa na kitu cha kuonyeshana.

Binti alimchimbua, akamburuta mpaka kivulini mwa Sindano. Alimfunga mguu kwa vipande viwili vya ubao na kamba ya dumu la maji. Goti lilivimba, halikukunjika hata kidogo. Maji yalibaki lita tatu.

"Sikiliza," alisema, akijilazimisha kuwa mtulivu. "Mpaka lami ni kama kilomita mia moja na kumi. Kwenye Nyumba kuna dumu la akiba, lita ishirini. Tunagawa, tunatoka na magari yote mawili."

Mzee aliangalia pembeni. Binti akaenda nyuma ya Nyumba, akashika dumu kwa mikono miwili kwa kudhani ni zito, nusura aanguke chali. Lilikuwa jepesi kama kikapu.

Alirudi nalo, akaliweka mbele ya baba yake, akangoja.

"Mficha uchi hazai," mzee alisema mwishowe. "Kila tulipokaribia kituo, nilisimama nikasema nachimba dawa. Sikuwa nachimba dawa. Nilikuwa namimina, ili kwenye pampu zionekane lita chache."

"Mara nne za haja ndogo, Baba. Nilidhani una sukari. Nimekuwa nikiwaza jinsi ya kukupeleka hospitali."

Mzee alitaka kucheka, mguu ukamkatalia.

"Inakwenda ngapi? Ukweli."

"Tano na nusu kwenye lami. Kwenye mchanga huu, nne."

"Iliyobaki kwenye tangi?"

"Lita nne. Nimepima kwa kijiti."

Sindano ilikuwa na lita saba. Binti alifungua daftari, akakata kwa mstari mmoja kila alichoandika kuhusu Nyumba. Hasira ilimjaa mpaka masikioni, nayo haikuwa ya petroli. Huyu ndiye aliyemfundisha kwamba kipimo hakidanganywi.

"Kwa nini? Kwa ajili ya ukubwa?"

"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, najua." Mzee alilamba midomo iliyopasuka. "Ni mama yako. Tangu nyonga yake ilipokataa kukunjika, hakai kwenye kiti cha gari. Jumamosi ukiwa kazini nalaza viti vya nyuma, namlaza, tunakwenda ziwani. Nafungua mlango wa nyuma anaangalia maji. Aliniapisha nisikwambie, maana ungeacha kazi zako ukaja kumhudumia. Gari hili likiuzwa, atabaki anaangalia dari."

Binti alikaa chini mchangani. Alikuwa akiamini mama yake ameacha kupenda kutoka.

Hakusema amesamehe. Alimpa maji vifuniko viwili, akachukua mpira, akanyonya petroli ya Nyumba hadi tone la mwisho, akatema, akaimimina kwenye Sindano. Lita kumi na moja. Kama Sindano ingekwenda kumi kwa lita mchangani, ni kilomita mia na kumi kamili, bila hata moja ya kukosea.

Palikuwa na shida moja: mguu usiokunjika haukuingia mbele wala nyuma.

"Kiti cha abiria," mzee alisema. "Boliti nne. Spana namba kumi na nne. Na uzito utapungua."

Binti aliking'oa, akakiacha mchangani, akatandika nguo, akamlaza baba yake pale palipokuwa na kiti, kichwa nyuma, miguu kwenye dashibodi. Akapunguza upepo wa matairi. Wakaiacha Nyumba.

"Gia ya tatu," mzee alielekeza akiwa chali. "Usikanyage, gusa tu. Mteremko ukija, iachie."

"Maumivu?"

"Yapo. Endesha."

Jua lilipoanza kushuka, maji yalibaki kikombe kimoja. Kila mmoja alidai ameshakunywa. Mwishowe binti alimnywesha kwa nguvu. Kwenye kilomita ya tisini na nane taa ya petroli iliwaka. Mzee alifumba macho, binti akahofia amezimia, akamshika bega.

"Niko hapa," alisema. "Nilikuwa napima. Mama yako ni mfupi kuliko mimi."

Binti alifuta machozi kwa mkono mmoja, maana macho aliyahitaji.

Sindano ilikohoa kwenye kilomita ya mia na tisa, ikajikongoja, ikafa mbele ya tuta. Juu ya tuta greda la njano lilikuwa likisawazisha ukingo wa barabara ya lami. Dereva wake aliwaona, akashuka taratibu na dumu la maji begani, akitazama huyu mzee aliyelala kwenye gari kama mgonjwa wa wodini.

"Mmetoka huko na kagari haka?" aliuliza.

"Haka haka," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza chochote.

Jumamosi ya nne baadaye, binti hakwenda kazini. Mama alilazwa ndani ya Sindano juu ya godoro jembamba, akatosha, na nafasi ikabaki. Mzee alijipachika nyuma na magongo yake. Walipofika njia panda ya ziwani, mama aliuliza gari hili linakwenda ngapi kwa lita.

"Kumi na nne," baba alisema. "Muulize mwanao, ameandika."

Mama alitazama mawingu kupitia kioo.

"Basi ziwa tumeshaliona vya kutosha," alisema. "Nyoosha mbele."