Utomvu wa Mwaloni wa Mpakani

Mbao ile ya mwaloni ilikaa ghalani mwaka mzima, chini ya majani ya tumbaku yaliyotundikwa, ikakauka vizuri. Lakini Verlin alipoitoboa tundu la kwanza ilitoa utomvu mbichi, na karakana ikanuka mti uliokatwa asubuhi ile ile. Akafuta kwa kitambaa, akaendelea. Kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko huo mwaloni.

Alikuwa akitengeneza stendi ya kusimamishia bastola yake ya kizamani, mdomo juu, apate kushindilia baruti na risasi kwa mikono miwili. Mashindano ya kulenga shabaha yalikuwa yamekaribia, na wenzake kule bondeni walishamcheka vya kutosha kwa kuibana mapajani kama mtu anayekamua mbuzi.

Mwaloni wenyewe ndio uliomuua shemeji yake, Dorsey. Waliukata pamoja baada ya kugombania kwa miaka mpaka wa mashamba yao, pale uliposimama, nao ukamwangukia Dorsey. Verlin aliapa kanisani kwamba mti ulipoanza kulala alipiga kelele kumwonya mwenzake, kama afanyavyo kila mkata miti. Oleta, mkewe Verlin na dada wa marehemu, alijilazimisha kumwamini, na huko kujilazimisha kukamkondesha.

Stendi ilipokamilika, vituko vikaanza. Verlin anaiacha bastola ikitazama dari. Akigeuka kuchukua baruti, anaikuta imeinama, inamtazama kifuani. Akaongeza gundi, akaongeza skrubu. Na mchana kweupe, Oleta akianua nguo uani, akasikia karakanani shoka likigonga, polepole, na katikati ya mapigo ule mluzi wa kifua kilicholiwa na vumbi la mgodi, mluzi ambao ungemwamsha hata kaburini kwa kuwa ulikuwa wa kaka yake, na alipochungulia hakuona mtu, aliona stendi tu, imelowa utomvu chapachapa.

Akamwita Bi Icie, yule anayetoa moto kwenye majeraha ya kuungua kwa kuyanong'oneza. Bibi akanusa mlangoni, akakataa kuingia.

"Huyu hafukuziki," alisema kwa sauti ya chini. "Anataka ukweli tu. Verlin, mwanangu, ulipiga kelele siku ile?"

Verlin alikuwa ameshaijaza bastola pale kwenye stendi na kuivika fataki ya kulipulia baruti, makusudi, wamwone kwamba haogopi. Akaipa mgongo, akitafuta kofia yake.

"Na hata ningepiga," akacheka, "mbishi yule angetoka pale?"

Oleta akalisikia neno hilo likimwingia hadi mifupani. Nyuma ya mumewe stendi ikalia kama mti unaolala, mdomo wa bastola ukashuka taratibu, ukapita dirisha, ukapita rafu, ukatulia kwenye uti wa mgongo wake, na mtambo wa kufyatulia ukaanza kuvutika wenyewe, bila kidole.

Bi Icie akamshika mkono. "Mwite, binti yangu. Mwite mumeo."

Muda ulikuwepo. Oleta alimtazama Verlin akipangusa vumbi kwenye kofia, akamchukia kwa moyo wake wote, akanyamaza.