Mlango wa Upande wa Abiria

Haya yalimpata Barnaba, mdogo wake baba yangu, nyumbani kwetu Iyula, mwaka 1953. Ninaandika yale tu niliyoyasikia kwake na kwa mkewe, Elina. Pale walipotofautiana, nimeacha.

Barnaba alikuwa na pikapu kuukuu aliyoinunua kwa mkulima mmoja wa kahawa aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Mlango wa kushoto, upande wa abiria, ulikuwa umeng'olewa na nguzo ya daraja. Mwaka mzima aliziba nafasi ile kwa kamba ya katani. Magunia hayakulalamika. Lakini Elina alikuwa na mimba ya tatu, na watoto wawili wa kwanza walizikwa bila kulia hata mara moja. Mkunga wa misheni alimwonya: safari hii uchungu ukianza tu, aletwe kwa gari. Barnaba hakutaka mkewe ashikilie kamba kwenye barabara ile.

Jumatatu moja ya Agosti alikwenda Tunduma kwa Boazi, mtu aliyeuza vipande vya magari yaliyokufa. Bampa, madigadi, taa na milango vilikuwa vimeegemezwa ukutani kama watu waliochoka. Mlango uliolingana ulikuwa mmoja tu, wa kijani, wenye jina la mwenye gari kwa rangi nyeupe, kama magari ya biashara yalivyoandikwa wakati ule.

"Umetoka wapi huu?" Barnaba aliuliza.

"Ng'ambo ya mpaka, gari lilianguka."

"Na mwenyewe?"

"Kaka, unanunua mlango au unaposa?" Boazi alisema, na waliokuwapo wakacheka. "Jina lipige msasa, paka rangi, basi. Wako huo."

Barnaba alikuwa amechoka. Akacheka nao, akalipa, akapakia.

Nyumbani kwetu kitu cha marehemu hakiingii uani hivi hivi. Anayekitoa hukutajia jina la mwenyewe. Ukifika unalitamka kwa sauti, unanyunyiza maji yenye unga wa ulezi, unasema: fulani, kitu chako kimefika kwangu, pumzika. Tulifanya hivyo kwa jembe, kwa blanketi, kwa kigoda. Kwa mlango wa gari hakuna aliyewahi kufikiria.

Mama yake Barnaba, Tupokigwe, alimkuta kesho yake ameinama juu ya mlango, mikono imejaa vumbi jeupe hadi kwenye viwiko.

"Umeshamtaja mwenyewe?"

"Mama, hiki ni chuma tu."

"Na jembe je, ni mti?"

Barnaba akasimamisha msasa. Pale palipokuwa na jina palibaki bati tupu, linang'aa.

"Aliitwa nani, mwanangu?"

"Sikusoma, mama."

Huyu ni mtu aliyesoma Maandiko kanisani kila Jumapili. Nilimwuliza mara nyingi ingewezekanaje asisome neno moja lililokuwa mbele ya macho yake. Kila mara alijibu kwamba alikuwa amechoka.

Akaupaka rangi, akaufunga. Bawaba ziliingia, boliti zikakaza, lakini mlango ulining'inia. Ulishuka upana wa kidole na kitasa hakikushika. Akaweka vibati nyuma ya bawaba. Akafungua, akafunga, akainua kwa goti. Haukukubali. Kufikia saa sita mchana aliuacha wazi, akaenda kunawa.

Nyuma yake akasikia umefungwa. Si kwa kishindo. Ulifungwa vizuri, kama afanyavyo mtu aliyekwisha kukaa.

Aligeuka. Pikapu ilikuwa imelalia upande wa kushoto.

Alijiambia ni springi. Wiki ile alipeleka kahawa Isansa, peke yake. Mwanamke auzaye togwa pale njiani alimletea vikombe viwili.

"Mimi ni mmoja, mama," Barnaba alisema.

Yule mama alitazama kwenye kioo cha mlango wa kushoto. Alitazama kwa muda. Kisha akarudi na kikombe cha pili, wala hakumdai hata kile cha kwanza.

Kioo kilikuwa na mvuke. Kwa ndani. Jua lilikuwa la utosi.

Barnaba hakumwambia mtu. Alifika nyumbani akachukua spana aung'oe ule mlango. Boliti alizozikaza mwenyewe siku nne nyuma hazikuzunguka. Akajaribu kwa nyundo. Akajaribu hadi viganja vikachubuka.

Jumatano iliyofuata, asubuhi, chai ikiwa jikoni, uchungu ulimwanza Elina. Tupokigwe alimshika mkono hadi kwenye gari, akamfungulia. Elina akainua mguu. Akaushusha.

"Panda, mke wangu."

"Nikae wapi?" alinong'ona.

"Hapo."

"Barnaba, pana mtu."

Kiti kilikuwa kitupu. Ngozi yake ilikuwa imebonyea katikati.

Nyuma kwenye bodi hapakufaa kulala, barabara ingemwua. Jasho lilimtiririka Elina. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili na hakuwa analia, na Barnaba alisema hilo ndilo lililomtisha zaidi. Mama yake alikuja na bakuli la maji ya ulezi. Alilishika tu. Hapakuwa na jina la kutamka.

Barnaba akapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya mlango.

"Mwenyewe," alisema. "Jina lako nimelifuta mimi. Huyu hana kosa. Mpishe akae. Nitalitafuta, nikurudishie."

Springi zikalia. Upande wa kushoto ukainuka, taratibu. Ngozi ya kiti ikajaa.

Elina akapanda. Aliniambia jambo moja tu kuhusu safari ile: kiti kilikuwa na joto.

Enesi alizaliwa saa saba mchana. Alilia hadi wauguzi wakacheka.

Barnaba aliporudi Tunduma, Boazi alikuwa amehama, wengine wakisema yuko Kitwe, kwenye migodi. Miaka kumi na mmoja Barnaba aliuliza, upande huu wa mpaka na ule: pikapu ya kijani, ilianguka wapi, mwenyewe nani. Hakuna aliyejua. Gari lilipokufa, boliti za mlango ule zilifunguka kwa vidole. Alinikabidhi mlango kabla hajafa, akaniomba nisichoke kama yeye.

Nina daftari. Nimeandika majina ya madereva na wafanyabiashara waliofia barabarani kati ya Tunduma na Kasama, yote niliyoweza kuyapata, na kila Jumamosi baada ya chai huyasoma stooni kwangu, mbele ya mlango, nikinyunyiza maji baada ya kila moja. Enesi sasa ana wajukuu. Hapiti karibu na stoo hiyo.

Mlango umeegemea ukuta, upande wa ndani ukitazama matofali. Kati ya kioo na ukuta haupiti mkono. Jumamosi iliyopita nilimaliza jina la mwisho nililo nalo. Nikangoja. Kioo kikaingia mvuke, kwa upande ule wa ukutani, na katikati ya mvuke pakatokea duara moja safi, la ukubwa wa paji la uso, kama la mtu aliyengoja muda mrefu akachoka, akaegemea.